Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Bienvenu Kasika alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi, na hilo nalisema nikiwa na akili zangu timamu. Akikutana sokoni Masisi, mashariki mwa Kongo, na mtu aliyejitwika gunia la viazi, alimsimamisha amsalimie vizuri, amuulize habari za mke, za watoto, za ng'ombe, na za mvua ya jana, huku gunia likimzamisha maskini yule shingo ndani ya mabega. Kumsaidia kulishusha hakuthubutu. Kugusa mzigo wa mtu bila kuruhusiwa aliona ni utovu wa adabu.

Alitoka Butembo akiwa kijana, akimfuata mjomba wake aliyekuwa na biashara ya chumvi na sabuni. Mjomba aliporudi kwao, Bienvenu alibaki Masisi na duka, misa ya kwanza kila Jumapili, na minibasi kuukuu ambayo ilikuwa imeshazeeka tangu siku aliyoinunua. Injini yake ilikaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo abiria wa mbele alifika safari akiwa ameiva upande wa chini. Nyuma ya gari palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: USINISUKUME. Haikupita wiki bila kusukumwa.

Basi Bienvenu akaoa. Akamwoa Igiraneza, binti wa kijiji cha Kingi mlimani, wa ukoo wa wakulima Wakristo waliolima mlima ule tangu babu wa babu zao. Na pamoja na mke akapata, kama watu wote, mama mkwe.

Mama Dancille alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwepesi kama kapu tupu, lakini alijua kunyamaza kwa namna ambayo watu wazima walianza kuungama makosa wasiyoulizwa. Ukoo wake na ukoo wa Bienvenu walitofautiana mambo mengi, kuanzia namna ya kupika maharage hadi namna ya kulia msibani. Jambo moja tu walikubaliana tangu siku ya kwanza: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawasemezani. Likiwapo neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu.

Huko mlimani desturi hiyo haina shida. Mkwe akija kwa njia ya barabarani, mama mkwe anapita njia ya migombani, na kila mtu anabaki na amani yake. Lakini minibasi haina njia ya migombani. Kumweka mama mkwe nyuma, katikati ya kuku na madumu ya mafuta ya mawese, ni kumdharau. Kumweka mbele, mahali pa heshima, ni kumkalisha paja kwa paja na mkwe wake, wakitenganishwa na kijiti cha gia. Bienvenu aliliwaza jambo hilo hadi akakosa hamu ya kula.

Ndipo akavumbua pazia.

Alichagua kitenge kizuri kuliko vyote dukani mwake, cha kijani chenye ndege wa manjano, akakitundika kwa waya kutoka darini mwa gari, kati ya kiti chake na kiti cha mbele. Upepo wa dirishani ulipokipeperusha na kutishia kufunua yasiyotakiwa kuonekana, akashona kamba kwenye pindo la chini, akapenyeza mkono kwenye upenyo ulio kando ya kiti, akapapasa gizani mle, akapata kitu kigumu kiasi, akakifunga kamba hapo. Tangu siku hiyo kipande cha kamba kilibaki chini ya kiti daima. Pazia lenyewe alilihifadhi nyumbani, limekunjwa pamoja na shati la misa, na alilitundika na kulifunga kwenye kamba hiyo siku ya kumbeba mama mkwe tu. Watu wa Masisi walikuja kulitazama. Padri alilisifu. Bienvenu alitembea wiki nzima kifua mbele.

Safari ya kwanza ya pazia ilikuwa kutoka Kingi kwenda Masisi, kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Gari lilianza vizuri. Kwenye kilima cha kwanza, baada ya shimo moja la kawaida, likashtuka. Likavuta, likakata, likavuta, likakata, mfano wa mbuzi anayeburutwa sokoni asikotaka kwenda. Nyuma ya pazia kikasikika kishindo, kisha "Yesu!", kisha kimya. Kilemba cha Mama Dancille kiliruka kikamwangukia abiria wa nyuma mapajani. Alipoteremka alikuwa na nundu kwenye paji la uso.

Kesho yake Bienvenu alipanda kilima kilekile na mzigo wa sukari. Gari lilipanda kimya, laini, utadhani limetoka kwenye misa.

Safari ya pili likaruka zaidi. Safari hii Igiraneza alikaa kiti cha nyuma yao, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mtu wa tatu, mpitisha maneno. Gari likiwa linarukaruka, Mama Dancille alipaza sauti kutoka nyuma ya ndege wa manjano.

"Igiraneza! Muambie huyo mwenye gari, ni hii kitambaa yake inarusha gari! Nikiishika tu, inaruka!"

Igiraneza akamtazama mumewe kisogoni. Akalikumbuka pazia, jinsi alivyolishona kwa mkono wake, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo kama mwanafunzi. Moyo haukumpa kufikisha neno kali namna ile.

"Mama anasema aksanti sana kwa rido," akasema, yaani kwa pazia.

Bienvenu akachanua. "Muambie hakuna shida! Nitaikaza zaidi, isimusumbue na upepo!"

Na kweli aliikaza. Safari ya tatu Mama Dancille alipakata kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya shemeji yake mgonjwa, na sitasema maziwa yale yalimwagikia wapi, kwa sababu nami nina adabu yangu. Alishuka mweupe kuanzia kifuani. Aliondoka kwa miguu kurudi Kingi, akiwa wima, na nzi wakimfuata.

Jioni ile Igiraneza alipanga nguo zake kwenye sanduku.

"Mi sikuachi," alimwambia mumewe, macho yamejaa machozi. "Lakini kwetu banasema unatesa mama yangu na makusudi. Banasema gari inabebaka batu bote muzuri, inarushaka mama peke yake. Nitabajibu nini?"

Ilikuwa kweli tupu. Padri, aliyekuwa na uzito wa ndama wawili, alikaa kiti kile hadi Kashebere bila hata kumwaga kahawa yake. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alilala pale njia nzima akikoroma. Mama Dancille, mwepesi kuliko wote, alirushwa kama chapati.

Ukoo ukaketi Kingi kumjadili. Kaka yake Igiraneza, Nshimiyimana, mtu mrefu mwenye sauti ya kutangaza vifo, ndiye aliyetoa uamuzi. Mama alitakiwa kwenda Kashebere, upande wa Walikale, kwenye ubatizo wa mjukuu. Atapanda gari la mkwe, kiti cha mbele, kama inavyostahili. Nshimiyimana atatangulia kwa pikipiki na kumngojea kanisani. Mama akifika salama, kilemba kimenyooka, Igiraneza atarudi kwa mumewe na sanduku lake siku hiyohiyo. Mama akirushwa, Igiraneza atapanda pikipiki ya kaka yake na kurudi Kingi, na mambo ya ndoa yatazungumzwa upya na wazee.

Bienvenu alipopata habari hiyo, alihesabu siku zilizobaki. Alimpenda mke wake. Hakuwahi kumwambia, kwa sababu hakuona njia ya kulisema jambo hilo kwa heshima, lakini tangu sanduku liondoke alikuwa akipika ugali wa watu wawili na kuula peke yake mpaka tumbo likamuuma. Akalipeleka gari kwa Straton.

Straton alikuwa fundi wa Masisi, chini ya mikaratusi, na garaji yake ilikuwa mikaratusi hiyohiyo. Alianza na pikipiki za wachukuzi wa machimbo ya Rubaya, akaingia kwenye malori, na sasa alitengeneza chochote chenye kutoa moshi. Aliuliza maswali kama daktari.

"Inarukaka wakati gani? Asubuhi, ikiwa baridi? Ao ikisha kupata moto?"

"Wakati mama mukwe akipanda."

"Ikipanda mulima ao ikishuka?"

"Kama mama mukwe iko ndani, inaruka kote."

Straton akajikuna kidevu. "Esansi ikiwa mingi ao kidogo?"

"Papa Straton, nilisema. Ni mama mukwe."

Straton hakuamini mambo ya mama mkwe. Aliamini kwamba kila panne, kila ubovu wa gari, uko kwenye buji za cheche, filtri ya mafuta au karburata. Akatoa mafuta yote akayachuja kwa kitambaa, maana esansi ya chupa za barabarani huwa na maji ya kutosha kupikia. Akabadili filtri. Akasafisha karburata kwa mswaki wake mwenyewe. Akafungua buji zote, akazikwangua, akazipuliza, akazirudisha. Akainamisha kiti, akamulika injini kwa tochi ya simu. Aliona waya wa bobini, ule unaopeleka moto wa kuchoma mafuta, na juu yake aliona kamba imefungwa fundo zuri.

Hakuigusa.

Na hapa msimlaumu Straton, kwa maana kuna sheria moja ambayo kila fundi wa milima ile anaijua na hakuna aliyeiandika: kamba iliyomo ndani ya gari kuukuu haifunguliwi. Magari yote ya huko yameshikwa na kamba. Kamba inashika bomba la moshi, kamba inashika betri, kamba inashika mlango ambao bila hiyo ungeshuka kabla ya abiria. Ukikuta kamba, ujue kuna fundi mwenzako alifika hapo kabla yako, akahangaika, akapata jibu. Ukiifungua unamtukana yeye, halafu kitu kinaanguka na hutajua ni kipi. Straton aliitazama kamba ile kwa heshima, akasema moyoni, "Huyu aliyefunga alijua kazi," akafunga kiti.

Wakalijaribu gari hadi mbali na kurudi. Halikushtuka hata kidogo.

"Imepona," akasema Straton.

"Haijapona. Mama mukwe haiko ndani."

Straton akavuta pumzi ndefu. "Papa Bienvenu, mi siwezi tafuta panne yenye haiko. Uniletee panne, nitaitafuta. Kama panne ni mama mukwe, umulete mama mukwe."

Bienvenu akamtazama kana kwamba ameambiwa alete Msalaba wa kanisani ajaribie breki. Kumwita mama mkwe aje garaji, akae, ainuke, akae tena, mafundi wakimtazama? Angeweza kumwomba hivyo kwa kinywa cha nani?

Wakatafuta mbadala. Kwanza walijaza gunia maharage, wakalipima kwa kuinua hadi Bienvenu aliporidhika kuwa ni uzito wa mama mkwe, na jinsi alivyojua uzito huo hakusema. Wakalivisha kitenge. Straton alipotaka kulifunga kilemba pia, Bienvenu aligeuza uso pembeni, maana gunia lilikuwa limeanza kufanana naye, na aliona haya kulitazama. Waliendesha hadi karibu na Kingi, Bienvenu akiliongelesha gunia kwa kumtumia Straton. Gari lilikuwa shwari.

"Maharage haina mifupa," akasema Straton. "Tutafute mama mwenye kuishi."

Wakamkodi Mama Kyakimwa, muuza mandazi wa sokoni, mwembamba kama Mama Dancille na mkali kumzidi. Alikubali kwa sharti kwamba auze mandazi njiani.

"Fanya yote sawa vile unafanyaka siku ya mama mukwe," Straton alimwagiza Bienvenu. "Yote. Usiache kitu."

"Yote," akajibu Bienvenu, na akafanya yote. Alifuta kiti kwa kitambaa chenye maji. Alimfungulia Mama Kyakimwa mlango na kutazama chini. Alipiga honi moja ya upole. Pazia hakulitundika, na wala halikumjia akilini, kwa sababu pazia halikuwa kitu cha gari. Lilikuwa kitu cha mama mkwe. Kulitundika kwa ajili ya muuza mandazi kungekuwa kama kumvalisha jirani pete ya mkeo ili uone kama inang'aa.

Mama Kyakimwa aliuza mandazi yote, akasifu gari, akashuka kilemba chake kimenyooka.

Straton akanawa mikono. "Panne haiko mu gari," akasema kwa masikitiko. "Nenda uombe padri."

Mji mzima ukapata la kusema. Wengine walisema gari liliwahi kubeba mawe ya Rubaya na mchimbaji mmoja alisahau hasira zake ndani. Wengine walisema magari ya zamani yanajua watu. Bienvenu aliyasikia yote, akawashukuru wote kwa maoni yao, akaenda nyumbani kulikanda tumbo lake.

Siku ya ubatizo ikafika. Alifika Kingi alfajiri ameshaoga mara mbili. Alilitundika pazia, akaikaza kamba kuliko siku zote, ili safari hii, angalau, heshima isipungukiwe na kitu. Mama Dancille akapanda, kilemba chekundu kimefungwa imara. Igiraneza akaketi nyuma, sanduku miguuni, bila kujua usiku huo litalala kwa nani. Alimtazama mumewe kisogoni tena. Alikuwa amekonda.

Kwa muda mrefu gari lilienda vema. Mama Dancille alikaa ameshikanisha mikono yake magotini. Walipita Masisi, wakashika njia ya Walikale. Kwenye bariere moja, kizuizi cha gogo, wanaume wenye bunduki waliona pazia, wakashusha bunduki.

"Iko nani nyuma ya rido?" mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni... mukubwa wangu," akasema Bienvenu, kwa kuwa hakuweza kumtaja.

Wanaume wakatazamana. Mkubwa anayesafiri kwa pazia si mkubwa wa mchezo. Mmoja akafunga vifungo vya shati. Mwingine akainua gogo haraka, na wote wakasimama wima na kupiga saluti mpaka gari likapita. Nyuma ya ndege wa manjano, Mama Dancille aliitikia kwa kikohozi kidogo. Bienvenu akaanza kuamini kwamba Mungu yupo safarini pamoja nao.

Kisha, karibu kabisa na Kashebere, msitu ukiwa pande zote na tope jekundu mbele yao, gurudumu likaingia kwenye shimo. Mama Dancille akayumba. Akatafuta pa kushika, na palipokuwa na kitu cha kushika ni pazia.

Gari likashtuka.

Likavuta, likakata, likavuta. Kadiri lilivyoruka, ndivyo alivyoshika. Kadiri alivyoshika, ndivyo lilivyoruka. Sanduku likapaa. Igiraneza akapiga kelele.

"Igiraneza!" Mama Dancille akapaza sauti kuzidi injini. "Muambie huyo muntu! Ni hii kitambaa yake! Aitoe! Nilisema tangu ile siku!"

Igiraneza, aliyekuwa akining'inia kwenye kiti kama nguo kwenye uzio, alijikuta anafanya alivyozoea. "Mama anasema... rido iko muzuri sana!"

"Muambie aksanti!" akajibu Bienvenu, huku analia. "Muambie nitaongeza kamba ingine!"

Mama Dancille aliyasikia hayo kwa masikio yake mawili. Akalishika pazia kwa mikono yote miwili, mikono iliyong'oa visiki vya mlima mzima, akalichana kutoka juu hadi chini. Kilemba chake kikachomoka, kikatoka dirishani, kikaenda zake msituni. Injini ikakohoa mara moja, ikazimika.

Ndege mmoja akalia huko mitini. Mkwe na mama mkwe wakabaki wametazamana, uso kwa uso, bila hata uzi kati yao. Bienvenu aliona kwamba mama mkwe wake ana mwanya, jambo ambalo hakuwahi kulijua. Akafumba macho.

Mama Dancille alishuka. Hakuliachia pazia. Akasimama kwenye tope, na akaangalia ile kamba ilikokwenda, kutoka kwenye pindo la kitenge hadi ndani ya upenyo wa kiti. Akagonga kiti kwa ngumi.

Bienvenu akaelewa. Alishuka upande wake, akainamisha kiti cha mama mkwe. Wakainamia injini, yeye kutoka mlango mmoja na mama mkwe kutoka mwingine, vichwa vikikaribia kugongana. Kamba ilikuwa imekazwa sawasawa kwenye waya wa bobini, fundo zuri, fundo lake mwenyewe. Waya ulikuwa umechomoka nusu. Akaurudisha mahali pake. Igiraneza akanyoosha mkono kutoka nyuma, akageuza ufunguo. Injini ikanguruma.

"Vuta," akasema Bienvenu.

Mama Dancille akavuta kamba. Injini ikakohoa, gari likatetemeka.

"Acha."

Akaiacha. Injini ikanguruma.

"Vuta kidogo. Kidogo tu. Acha. Vuta."

"Mama," akasema Igiraneza kutoka nyuma, kwa mazoea, "anasema uvute."

"Nimesikia," akasema Mama Dancille. "Niko na masikio."

Hapo ndipo wote watatu walipogundua kilichotokea. Bienvenu alikuwa amesema na mama mkwe wake. Alikuwa amemwamuru, tena mara kadhaa. Akatafuta mahali pa kujificha, lakini palikuwa na injini tu.

"Na wewe," Mama Dancille akamgeukia binti yake, "ile siku nilikutuma umuambie kitambaa inarusha gari. Ulimuambia nini?"

Igiraneza akainama. "Nilimuambia unasema aksanti."

"Aksanti! Na maziwa inanimwagikia mpaka mu viatu!"

"Nilimuhurumia, Mama. Aliishona na mukono yake."

Mama Dancille akakitazama kile kitenge mkononi mwake, mishono midogo midogo iliyopinda ya mtu asiyejua kushona. Kisha akaikata kamba kwa meno, akaitupa topeni, na kitenge akakifunga kichwani, kwa sababu hawezi kuingia kanisani kichwa wazi. Ndege wa manjano wakamkaa vizuri.

Bienvenu akatoa fundo kwenye waya. Hakuna kitu kilichoanguka.

Sasa kuendesha. Pazia hakuna, mama mkwe yuko pale, mwanga wa dirisha umemjaa usoni. Bienvenu akakaza shingo, akaelekeza macho kwenye dirisha la upande wake ili asimwone hata kwa bahati mbaya, na akalitia gari gia huku akitazama msitu. Gari likapanda kilima laini kabisa, likielekea mtaroni.

Mama Dancille aliuona mtaro. Akamtazama Igiraneza, ambaye tayari alikuwa amefungua kinywa apokee ujumbe. Akamwashiria afunge.

"Mutoto yangu," akamwambia mkwe wake, yeye mwenyewe, "angalia njia."

Bienvenu akaangalia njia. Hakuiona vizuri, kwa sababu ya machozi, lakini aliiangalia.

Kanisani Kashebere, Nshimiyimana alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayengoja jeneza. Aliona mama yake anashuka na kilemba ambacho hakuondoka nacho nyumbani. Alikizunguka. Akakipima kwa jicho upande wa kushoto, akakipima upande wa kulia. Kilikuwa kimenyooka.

"Mama," akasema, na watu wote wa ubatizo wakanyamaza wasikie, "sema kweli mbele ya kanisa. Gari ilikurusha?"

Bienvenu alikuwa bado ameshika mlango. Igiraneza alikuwa ameshika sanduku, nusu ndani ya gari, nusu nje. Wote wawili walijua jibu, na wote wawili walijua kwamba Mama Dancille hakuwahi kusema uongo, achilia mbali mbele ya kanisa.

"Hapana," akasema Mama Dancille. "Ni mimi nilirusha gari."

Sheria ya ukoo haikuwa na kipengele cha mama anayerusha gari. Igiraneza akalisukuma sanduku ndani kwa goti, hadi mwisho kabisa, chini ya kiti cha nyuma.

Walirudi wote watatu, mama mkwe mbele. Kwa kuwa sasa desturi ilikuwa imeshachanika, na hakukuwa na mtu wa kati wa kumlainishia maneno, Mama Dancille alimwambia mkwe wake mambo yote aliyoyaweka tangu harusi: kwamba anaendesha kama anayeogopa kuiumiza barabara, kwamba chumvi ya duka lake ina mchanga, kwamba amekonda na aache kupika ugali mwenyewe, na kwamba kusalimia mtu mwenye gunia kichwani ni ukatili. Alisema kuanzia Kashebere hadi Kingi bila kupumzika. Gari halikushtuka hata mara moja, na Bienvenu, akiitikia "Ndiyo, Mama" katika kila kona, alilikumbuka pazia kidogo tu.